Namna ya Kutoa DNA ya Ndizi Jikoni na Kuitumia Kuelewa Tafiti za Migomba

Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekulia Machame au Kiboriloni amezungukwa na migomba tangu utotoni. Anakula mtori, anatambua mshare, ndizi ya kupikia mtori huo, kwa kuutazama mkungu tu, na anajua utomvu wa mgomba ukigusa shati jeupe hautoki. Ukimwuliza DNA ya mgomba huo iko wapi, hata hivyo, atakufungulia kitabu na kukuonyesha mchoro wa ngazi iliyojipinda. Nimefundisha baiolojia hapa Moshi kwa miaka kadhaa, na nimeamini kwamba habari za tafiti mpya za vinasaba huwapita wanafunzi, na hata wazazi wao wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, kwa sababu jambo linalozungumzwa hawajawahi kuliona kwa macho. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoa DNA ya ndizi kwa vifaa vya jikoni, sababu ya kila hatua, na namna ya kutumia uelewa huo kupima matokeo ya utafiti kuhusu zao ambalo sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro na Meru tunalitegemea.

Asiwepo mtu wa kulidharau jiko kama mahali pa kufanyia kazi hii. Mwaka 1869 Friedrich Miescher, daktari kijana kutoka Uswisi, alikuwa akifanya utafiti mjini Tübingen, Ujerumani, katika chumba ambacho zamani kilikuwa jiko la ngome. Alikusanya bandeji zenye usaha kutoka hospitali, akazitenga seli, akatumia kimeng'enya kilichotolewa kwenye tumbo la nguruwe ili kumeng'enya protini, na mwishoni akabaki na kitu cheupe chenye fosforasi nyingi kilichotoka ndani ya viini vya seli. Alikiita nukleini, na leo tunakiita DNA. Kazi tutakayoifanya hapa inafuata njia ileile: kuvunja seli, kupunguza protini, kisha kuifanya DNA iachane na maji.

Vifaa na sababu zake

Chukua ndizi moja iliyoiva vizuri, yenye madoadoa meusi kwenye ganda. Ndizi mbichi haifai, kwa sababu imejaa wanga na nyama yake ni ngumu. Inapoiva, vimeng'enya vyake yenyewe hugeuza wanga kuwa sukari na kulegeza kuta za seli, hivyo sehemu ya kazi inakuwa imeshafanyika kabla hujashika uma. Anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi, analijua jambo hili kwa mikono yake, maana ndizi za mbege huachwa ziive kabisa kwanza.

Andaa pia chumvi ya mezani, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji safi, kitambaa cheupe cha pamba au chujio la chai lenye matundu madogo, glasi tatu nyembamba zinazoonyesha ndani, bakuli, uma, na kijiti cha mishikaki. Miongozo mingi kutoka nje huelekeza kuponda ndizi ndani ya mfuko wa plastiki. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kwa kweli bakuli na uma vinafaa zaidi, kwa kuwa unayaona mabonge yaliyobaki na kuyafuata moja baada ya jingine.

Kifaa kinachowashinda wengi ni spiriti. Inayofaa zaidi ni yenye kileo cha asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 inayouzwa kwenye maduka ya dawa inaweza kutumika ukiimimina mara mbili ya ujazo wa mchujo wako. Pombe kali za kunywa hazifai, kwa kuwa nyingi zina kileo cha asilimia 35 hadi 40, na maji yaliyomo yanatosha kuiacha DNA ikiwa imeyeyuka. Kitakasa mikono nacho hakifai, kwa sababu kimetiwa vitu vya kukifanya kiwe kizito na utashindwa kutofautisha uzito huo na kile unachokitafuta. Soma lebo kabla ya kulipa. Niliwahi kununua chupa isiyo na lebo kwa muuzaji mmoja, nikawasimamisha wanafunzi arobaini mbele ya glasi kwa dakika ishirini, na hakuna kilichoonekana. Niliporudia kazi ileile kwa spiriti yenye lebo ya asilimia 96, nyuzi zilijitokeza kabla sijamaliza kuhesabu hadi mia.

Ifunge chupa ya spiriti vizuri na uiweke kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu tangu usiku uliotangulia. Haitaganda, kwa sababu jokofu la nyumbani halifikii ubaridi wa kuigandisha. Asiye na jokofu anunue barafu ya vifuko dukani, aivunje ndani ya sufuria, atie chumvi kidogo na maji, kisha aisimamishe chupa humo kwa nusu saa au zaidi. Usifanye kazi hii karibu na jiko la mkaa, jiko la gesi, mshumaa au kibatari, kwa sababu mvuke wa spiriti hushika moto. Spiriti nyingi za dukani zimechanganywa na methanoli, ambayo ni sumu inayoweza kupofusha na kuua. Kwa hiyo glasi zilizotumika zisiachwe mezani ambako mtoto anaweza kudhani ni kinywaji, na ndizi iliyotumika isiliwe.

Kutayarisha mchanganyiko

Pima maji mililita 90, ambayo ni chini kidogo ya nusu ya kikombe cha chai, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka iyeyuke yote, kisha ongeza vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji. Koroga polepole sana. Povu ni adui katika kazi hii, kwa sababu baadaye litakaa juu ya mchujo na kuuficha mpaka kati ya tabaka mbili, na mpaka huo ndio mahali pa kutazama.

Sabuni ina kazi mahususi. Seli ya ndizi imezungukwa na utando uliotengenezwa kwa mafuta, na kiini kinachobeba DNA kina utando wake wa aina hiyohiyo. Molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Inajipenyeza kwenye utando na kuubomoa, sawasawa na inavyobomoa mafuta ya nyama yaliyoganda kwenye sahani. Ukiisoma lebo ya sabuni yako, huenda ukakuta sodiamu laurili salfeti au ndugu yake wa karibu, na kemikali hiyo hutumika pia katika maabara za vinasaba kwa kazi hii hii ya kufungua seli.

Chumvi inafanya jambo lisiloonekana haraka. Uti wa DNA umejengwa kwa fosfeti zenye chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana, kwa hiyo nyuzi za DNA ndani ya maji hukaa zimetengana. Sodiamu ya chumvi ina chaji chanya. Inazizunguka fosfeti hizo na kuzituliza, ili spiriti itakapokuja nyuzi ziweze kukaribiana na kushikamana. Ukisahau chumvi, hutakuwa na kitu cha kuzunguka kijiti.

Kutoa DNA

Menya ndizi, iweke ndani ya bakuli, na uiponde kwa uma mpaka iwe uji mzito usio na mabonge. Usitumie mashine ya kusagia matunda kwa muda mrefu, kwa sababu visu vyake hukatakata nyuzi za DNA kuwa fupi, na nyuzi fupi hazijizungushi kwenye kijiti. Mimina mchanganyiko wa sabuni na chumvi juu ya uji huo, kisha geuza kwa kijiko taratibu kwa dakika mbili au tatu, kama mtu anayechanganya kitu ambacho hataki kivunjike.

Sasa bakuli linahitaji joto la nyuzi kama 60 kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Joto hilo huharakisha kazi ya sabuni na kudhoofisha vimeng'enya vya ndizi ambavyo, seli ikishavunjika, huanza kuikata DNA. Huhitaji kipimajoto. Mjini Moshi maji huchemka kwenye nyuzi kama 97, kwa sababu ya mwinuko wetu. Ukichanganya sehemu moja ya maji yanayochemka na sehemu moja ya maji ya bomba, utapata nyuzi kama 60 bila kubahatisha sana. Arusha iko juu zaidi, na huko maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, lakini tofauti hiyo haitaharibu kitu. Mimina maji hayo ndani ya sufuria kubwa na usimamishe bakuli humo. Muda ukiisha, lihamishie kwenye maji ya barafu kwa dakika tano, kwa kuwa kuendelea na joto kunaanza kuivunja DNA yenyewe.

Tandika kitambaa juu ya glasi, mimina uji, na uache ujichuje wenyewe. Hapa ndipo subira ya wengi inapokwisha, wanakikamua kitambaa, na nyama ya ndizi inapita pamoja na maji. Mchujo mzuri una rangi ya maziwa hafifu na hauna chembe zinazoelea. Vijiko vitatu au vinne vikubwa vya mchujo vinatosha.

Kuna hatua ya hiari ambayo mimi sipendi iachwe. Chukua kijiko kimoja cha chai cha juisi ya nanasi lililokamuliwa muda huohuo, uitie ndani ya mchujo, geuza glasi taratibu, na usubiri dakika tano. Nanasi lina bromelaini, kimeng'enya kinachokata protini, na DNA ndani ya kiini imezungushwa kwenye protini kama uzi kwenye kibiringo. Protini zikikatwa, uzi unabaki huru. Miescher alitumia tumbo la nguruwe kwa sababu hiyohiyo. Juisi ya nanasi ya kopo au ya pakiti haitakusaidia, kwa maana imepashwa joto kiwandani na kimeng'enya chake kimekufa. Asiye na nanasi anaweza kutumia papai changa, lenye papaini, ambayo akina mama wengi wanaitegemea kulainisha nyama ngumu bila kuiita kwa jina hilo.

Hatua ya mwisho inataka mkono uliotulia. Inamisha glasi, toa spiriti kwenye baridi, na uimimine polepole ikitambaa kwenye ukuta wa ndani wa glasi mpaka ujazo wake ulingane na wa mchujo, au uwe mara mbili yake kama spiriti ni ya asilimia 70. Spiriti ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo itakaa juu kama tabaka safi. Simamisha glasi mezani na usiiguse. Ndani ya dakika moja au mbili utaona viputo vidogo vikipanda kutoka kwenye mpaka, na kila kiputo kikivuta nyuma yake kitu cheupe kama ute wa yai unaoanza kuiva. Baada ya dakika tano hadi kumi kitu hicho kitakuwa wingu la nyuzi linaloning'inia ndani ya spiriti. Ingiza kijiti mpaka kwenye mpaka wa tabaka mbili, kizungushe kuelekea upande mmoja tu, kisha kinyanyue. Zile nyuzi zitafuata, zikiwa zinang'aa na kuteleza, na zikitoka kwenye glasi zitajikunja kwenye ncha ya kijiti na kuonekana kidogo kuliko ulivyodhani.

Je, hicho ulichokishika ni DNA?

Miongozo mingi inaishia hapo na kumwambia mwanafunzi kwamba ameshika DNA. Hilo ni kweli kwa sehemu tu, na mwalimu asiyelisema anamnyima mwanafunzi somo lililo bora zaidi katika kazi yote. Ndizi iliyoiva ina pektini, ile ile inayofanya jamu igande, na pektini nayo huachana na maji inapokutana na spiriti. Protini zilizobaki hufanya hivyo pia. Kitu cheupe kwenye kijiti chako ni mchanganyiko, na katika ndizi sehemu isiyo DNA inaweza kuwa kubwa.

Ndiyo maana niliomba glasi tatu. Katika glasi ya pili fanya kila kitu vilevile bila sabuni, na katika ya tatu weka mchanganyiko wa sabuni na chumvi bila ndizi kabisa, kisha mimina spiriti katika zote. Glasi isiyo na sabuni mara nyingi itakupa mabonge ya jeli yanayokaa pamoja kama uji uliopoa, kwa sababu pektini haihitaji sabuni ili itoke. Glasi isiyo na ndizi inaweza kuonyesha weupe hafifu wa chumvi au sabuni iliyoshindwa kuyeyuka kwenye spiriti. Linganisha na glasi ya kwanza. Kile ambacho kimo humo peke yake, chenye nyuzi ndefu zinazojizungusha na kuvutika, ndicho unachoweza kukihusisha na DNA kwa uhakika zaidi. Mwanafunzi aandike kwenye daftari alichokiona katika kila glasi kabla ya kuandika alichotarajia kukiona.

Maabara ya kweli inapambana na tatizo lilelile kwa silaha kali zaidi. Mgomba una sukari changamano nyingi na polifenoli nyingi. Polifenoli ndizo zinazofanya utomvu utie doa lisilotoka kwenye nguo na ndizi iliyomenywa igeuke kahawia, na zikishikamana na DNA huifanya isifae kwa uchunguzi. Kwa hiyo watafiti hawatumii tunda. Huchukua jani changa lililo bado limejisokota, hulisaga likiwa limegandishwa, na badala ya sabuni ya vyombo hutumia kemikali iitwayo CTAB, ambayo husaidia kuzitenga sukari hizo na DNA. Baadaye hupima jinsi DNA inavyonyonya mwanga wa urujuanimno: unyonyaji kwenye nanomita 260 ukigawanywa kwa ule wa nanomita 280 unapaswa kuwa karibu na 1.8, na ukishuka sana chini ya hapo, protini bado zimo. Kisha huipitisha kwenye jeli kwa umeme kuona kama nyuzi ni ndefu au zimekatika. Unapokutana na taarifa ya utafiti wa vinasaba vya mmea, tafuta kama waandishi wameeleza walivyoisafisha na kuipima DNA yao, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zimesimama juu ya hatua hiyo.

Kutoka kwenye kijiti hadi kwenye tafiti

Jenomu ya ndizi, yaani seti nzima ya DNA yake, ilisomwa na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 2012, katika kazi iliyoongozwa na taasisi za Ufaransa. Walitumia mgomba wa jamii ya Musa acuminata wenye kromosomu 11 katika kila seti, na waliona takribani jozi milioni 523 za herufi, yaani vijenzi vinavyopangana kwenye uzi wa DNA, na jeni zaidi ya 36,000. Hesabu ndogo itakusaidia kuiona namba hiyo. Jozi moja ina urefu wa nanomita 0.34, kwa hiyo seti moja iliyonyooshwa ina sentimita kama 18. Mshare una seti mbili, na DNA ya seli yake moja inazidi kidogo urefu wa rula ya shule. Ndizi za kundi la Cavendish, zile tamu zinazouzwa sana duniani, zina seti tatu, na DNA yao inazidi nusu mita, yote ikiwa imekunjwa ndani ya kiini usichoweza kukiona bila hadubini. Mwaka 2021 mgomba huohuo ulisomwa upya kwa teknolojia inayosoma nyuzi ndefu, na kromosomu tano kati ya 11 zikapatikana nzima, kutoka ncha hadi ncha bila pengo. Hapo unaelewa kwa nini tulikataa mashine ya kusagia: anayetaka kusoma uzi mrefu sharti kwanza asiukate.

Mara kwa mara mtu atakuambia kwamba binadamu na ndizi wanafanana kwa asilimia 50 au 60. Kauli hiyo ina asili ya kweli iliyopotoshwa njiani. Watafiti wa taasisi ya taifa ya jenomu ya Marekani, wakiongozwa na Lawrence Brody, walilinganisha mwaka 2013 jeni za binadamu na za ndizi. Takribani asilimia 60 ya jeni zetu zilikuwa na mwenzake anayetambulika kwenye ndizi, na protini zilizooanishwa zilifanana kwa wastani wa asilimia 40 hivi. Kuwa na mwenzake si kuwa sawa naye, na ulinganisho huo ulihusu jeni zinazotengeneza protini, ambazo ni sehemu ndogo tu ya DNA yote. Ukikutana na asilimia yoyote katika habari za vinasaba, uliza kwanza ni asilimia ya nini.

Swali la pili la kuuliza ni aina ipi ya mgomba iliyochunguzwa, na hapa mkulima wa Kilimanjaro anaweza kuwa msomaji makini kuliko mhariri wa gazeti. Mwaka 2016 Mary Kitavi na wenzake walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba ndizi za matoke za nyanda za juu za Afrika Mashariki, pamoja na majina yake mengi, zinafanana mno kivinasaba na zimetokana na mgomba mmoja wa asili ulioenezwa kwa machipukizi. Kwa hiyo ugonjwa unaoweza kuushinda mgomba mmoja wa kundi hilo unaweza kukuta mlango wazi katika mashamba mengi. Mshare haumo katika kundi hilo. Tafiti za vinasaba zimeuhusisha na kundi la Mlali la Zanzibar, Komoro na pwani yetu, na kundi hilo la Mlali ndilo lililotoa seti mbili kati ya tatu za kromosomu za Cavendish na Gros Michel. Ndizi inayouzwa katika maduka ya Ulaya ina theluthi mbili ya urithi wake kutoka kwa jamaa wa ndizi ya mtori wetu, na mimi hulieleza darasa jambo hili kila mwaka kwa furaha ileile.

Swali la aina lina uzito zaidi tunapofika kwenye magonjwa. Februari 2024 Australia iliidhinisha kulimwa na kuliwa kwa QCAV-4, ndizi ya Cavendish iliyobuniwa na kundi la James Dale kwa kuingiziwa jeni moja, RGA2, kutoka kwa mgomba mwitu, ili istahimili kuvu ya mnyauko wa Panama aina ya TR4. Aina hiyo ya kuvu ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, kwa hiyo habari hii inatuhusu. Lakini mnyauko unaousumbua mshare katika vihamba vyetu unaletwa na ndugu mwingine wa kuvu hiyo, anayeitwa resi ya kwanza, ambaye Cavendish humstahimili tangu zamani bila msaada wa maabara. Msomaji anayepita haraka ataona maneno ndizi, mnyauko na jeni, na kudhani kihamba chake kimepata dawa. Aliyezoea kuuliza aina ya mgomba na aina ya kuvu ataona kwamba jibu lililopatikana ni la swali lililo jirani na la kwake.

Kwa mshare, kazi inafanyika karibu zaidi. Tengeru, katika eneo la Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, huuchanganya mshare na migomba inayostahimili magonjwa kwa njia ya uchavushaji. Mbegu zinazopatikana ni chache na dhaifu, hivyo kiinitete hutolewa ndani ya mbegu na kukuzwa kwenye chupa. Kisha DNA ya miche hutumika kusaidia kuamua ipi iendelezwe bila kungoja kila mmoja utoe mkungu. Njia ya aina hiyo ya uzalishaji wa kawaida ndiyo iliyozaa ndizi nne za TARIBAN, za jamii ya matoke, zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 2021. Hizo hazikuingiziwa jeni kama QCAV-4, na ni vizuri msomaji asizichanganye.

Swali la tatu ni mahali jaribio lilipofanyika. Mwaka 2019 kundi la Leena Tripathi jijini Nairobi lilitumia CRISPR, mbinu ya kuhariri DNA, kuharibu vipande vya DNA ya kirusi vilivyojificha ndani ya jenomu ya ndizi aina ya Gonja Manjaya, vipande ambavyo mgomba ukipata shida ya maji vinaweza kuamka na kuleta ugonjwa. Migomba iliyohaririwa ilipowekwa kwenye ukame, asilimia 75 haikuonyesha dalili. Ni matokeo yanayostahili heshima, na ni matokeo ya mimea iliyotunzwa chini ya uangalizi wa watafiti, bado si ya shamba lenye fukusi, minyoo na mvua iliyochelewa. Andika kando ya kila asilimia mahali ilipopatikana, kama ulivyoandika kando ya kila glasi kilichowekwa ndani yake.

Ukimaliza kazi, rudia yote kwa ndizi mbili, mshare ulioiva katika glasi moja na ndizi ya Cavendish katika nyingine. Nyuzi zitafanana kabisa, kwa sababu tofauti yao imo katika mpangilio wa herufi ambao jicho haliufikii. Ingiza kila moja katika kichupa chenye spiriti safi, kifunge, ubandike karatasi yenye aina ya ndizi, mahali ulipoipata, tarehe, na neno linalosema kwamba haijasafishwa, kisha ukiweke ndani ya jokofu, mbali na chakula na mahali ambapo mtoto hafikii. Mabaki ya spiriti yachanganye na maji mengi kabla ya kuyamwaga, na osha meza kabla mtu yeyote hajawasha jiko.